Pembamba

Asila aliegesha gari chini ya Bilad Sayt
kabla jua halijauvuka mlima,
akafungua buti, akatoa kamba yangu,
ile ya kijani, aliyokaa nayo miezi kumi na sita
bila kuniuliza kama nitairudia.
Ilinukia udi. Aliihifadhi kabatini
pamoja na nguo zake za harusi.

Mama alikwisha sema usiku, kwetu Al Khudh,
huku akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa:
"Mwamba una nini huo? Unakudai?
Kamba, mwanangu, hukatikia pembamba."
Sikumjibu. Pembamba ni mimi.
Mkanda wa kupandia naukaza
mpaka ncha yake inaning'inia kama ulimi wa mbuzi.

Daktari aliniambia mengi yatarudi:
nywele (zimerudi, na mawimbi nisiyozaliwa nayo),
hamu ya kula, usingizi.
Vidole, alisema, tusubiri.
Dawa zile, moja nyekundu kama Vimto ya futari,
zilifukuza uvimbe mpaka tezi ya mwisho,
na zilipokuwa zikitoka zikachukua ncha za vidole vyangu
kama mgeni anayeondoka na kijiko.
Sasa mfukoni sitofautishi baisa na kifungo.
Chai ya moto naijua kwa mvuke.

Basi nikasimama mbele ya ukuta
niliokuwa nikiusoma kama kipofu asomavyo nukta,
nikapaka chaki mikono isiyojua kama imepakwa.
"Fundo," akasema Asila. Tukalitazama pamoja,
la nane, likienda na kurudi njia yake ileile.
Sikuliamini. Nikalifungua, nikalifunga tena.
Hakusema pole.
Pole nimeshakula za kutosha, hazinenepeshi.

Hatua ya kwanza, miguu ilikumbuka.
Ya pili, goti likaanza: cherehani isiyo na kitambaa.
Mkono wa kulia ukaingia kwenye ufa,
na nilijua umeingia kwa kuwa sikuuona.
Nikajifunza hapohapo kuuliza kiwiko, kuuliza bega,
tumeshika?
Bega likajibu kama karani wa wizara:
Subiri. Subiri kidogo.
Ndiyo. Mmeshika.

Chini yangu, mtu aliondoa jiwe na tambara
kwenye mdomo wa falaji. Zamu yake ilikuwa imefika.
Maji yakageuka, yakaingia shambani kwake.

Kwenye pete ya tatu Asila akaita:
"Unavuja damu!"
Nikatazama. Kweli. Alama nyekundu juu ya chokaa,
moja, na nyingine chini yake, na nyingine,
njia yote niliyopita.
Kidole cha shahada kilichanika
na hakikunipasha habari.

Miezi yote ile damu yangu ilitoka kwa miadi,
kwenye vichupa vyenye jina langu na tarehe,
sista Leelamma akivipindua taratibu,
nami nikingoja kusikia imesema nini.
Hii hakuna aliyeiomba.
Hakuna atakayeipima.
Nilicheka mpaka kamba ikatikisika,
na Asila, asiyeniona uso, akadhani nalia,
akaikaza.

Zilibaki pete tano. Sikuzipanda.
Nilining'inia pale, nikanyonya kidole,
chuma na chaki,
nikamwambia, "Nishushe."
Alinishusha kama watu wanavyoteremsha
kabati la vioo kwenye ngazi nyembamba.

Tulikula mkate na Chipsi Oman, makombo mapajani.
Akanifunga plasta. "Inabana?"
"Sijui," nikasema. "Wewe waionaje?"
Akaitazama sana. Akailegeza kidogo.

Safari hii kamba nilirudi nayo mwenyewe.
Mama aliikuta sebuleni jioni.
Hakuuliza kitu. Akaketi, akavaa miwani,
akaanza kuipitisha baina ya vidole vyake,
dhiraa kwa dhiraa,
taa imewaka, chakula kinapoa,
akitafuta pembamba.